Mwalimu ni wa nini, kama tunachokitafuta ndicho tulicho tayari?

Swali la Msikilizaji

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nimekuwa nikisoma mijadala yenu kimyakimya kwa muda mrefu, na leo nimeona niulize, maana nimefika mahali ambapo kusoma peke yangu kunanizidishia utata badala ya kuupunguza.

Ni mwaka wa sita sasa tangu nianze kufuatilia mafundisho ya kutokuwa na uwili, yaani yale yanayosema kwamba anayetazama na kinachotazamwa, nafsi na ulimwengu, kwa undani wake si vitu viwili. Nilianza na Adwaita ya Kihindi, nikaonja kidogo Zen ya Kibuddha, kisha nikahamia kwa walimu wa siku hizi ambao rekodi zao zimejaa mtandaoni. Taabu ni kwamba hawakubaliani hata juu ya hatua ya kwanza. Mmoja anasema hakuna cha kufanya kwa sababu huyo mtafutaji mwenyewe hayupo. Wa pili anasema kwamba asiyejiandaa kwa miaka hata akiambiwa ukweli hatausikia. Wa tatu anasema kuwa yote hayo ni kutwanga maji kwenye kinu mpaka mtu ajisalimishe kwa mwalimu aliye hai. Nikimsikiliza kila mmoja peke yake naona amesema kweli. Nikiwaweka pamoja nakosa pa kushika.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo lililonipata miezi michache baada ya kufiwa na mama yangu. Nilijiunga na kikao cha mtandaoni, nikapewa nafasi, nikasema kwamba huzuni huniamsha usiku wa manane na kwamba ningependa kujua mafundisho haya yanasema nini juu yake. Mwalimu alitabasamu, akanyamaza kidogo, akajibu: “Hakuna mtu hapo wa kuhuzunika.” Waliohudhuria wakacheka kile kicheko cha watu waliokwisha kuelewa. Nikashukuru, nikazima kipaza sauti, nikabaki nikiutazama uso wangu mwenyewe katika kile kidirisha kidogo pembeni mwa skrini, na uso ule ulikuwa na huzuni waziwazi.

Basi maswali yangu ni mawili. Ikiwa tunachokitafuta ndicho tulicho tayari, mwalimu ni wa nini? Na ikiwa anahitajika, mtu asiye na uelewa atamtambuaje aliye nao?

Jibu la Karani

Ndugu Msikilizaji, pole sana kwa msiba. Nitajibu zaidi swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo nililolisoma kwa muda mrefu; la pili nawaachia waliokaa karibu na walimu kuliko mimi.

Wanaadwaita wana kisa kimoja wanachokirudia tangu zamani. Watu kumi walivuka mto wenye mkondo mkali. Walipofika ng'ambo, mmoja wao akawahesabu wenzake ili ahakikishe kwamba hakuna aliyezama, akapata tisa. Wa pili akahesabu, tisa. Kila aliyejaribu alipata tisa, kwa sababu kila mmoja alijisahau mwenyewe, na wote wakaketi kumlilia mwenzao aliyekufa maji. Akapita mtu, akawauliza wanachokililia, akawatazama, akaona wapo kumi. Akamwambia yule mhesabu: “Hesabu tena.” Alipofika tisa na kusita, mpita njia akamwonyesha kidole: “Wa kumi ni wewe.”

Tazama alichofanya mtu yule. Hakumleta wa kumi kutoka mtoni, wala hakumfufua, wala hakumpa mtu yeyote kitu ambacho hakuwa nacho. Hata hivyo, kama asingepita, wale watu wangeendelea kulia na kuhesabu mpaka usiku, kwa kuwa kosa lao halikuwa la juhudi, na kuhesabu kwa bidii zaidi kusingewatoa pale. Macho ya mhesabu yalitazama nje kila mara, na kasoro ilikuwa katika kutazama kwenyewe. Ndiyo maana mila hii inathamini neno la mtu mwingine. Neno linalohusu kitu kisichokuwepo hukupa habari tu. Ukisimuliwa mlima wa mbali unabaki na picha kichwani. Neno linalohusu kitu kilichopo ila hakijatambuliwa linaweza kukupa chenyewe papo hapo.

Hata hivyo, ni mara chache neno kutosha likisemwa mara moja. Katika Upanishadi ya Chandogya, moja ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindi, kijana Shvetaketu anapelekwa masomoni akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na miaka 24, amejaa majivuno ya msomi. Baba yake Uddalaka anamfundisha upya, na ile kauli maarufu, “hicho ndicho wewe”, anamwambia mara tisa, kila mara kwa mfano mwingine, kwa sababu kijana huomba afundishwe zaidi. Mfano ninaoupenda ni wa chumvi. Baba anamwambia aitie chumvi katika chombo cha maji na kuja nayo asubuhi. Asubuhi anamwambia airudishe ile chumvi. Kijana anapapasa majini, haipati. Basi onja juu, ikoje? Ina chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Mwalimu hakumtaka mwanafunzi aamini. Alimtaka aonje, tena mara tatu, ili asije akadhani kwamba ipo upande mmoja tu wa chombo.

Sasa nije kwa walimu wako watatu. Wa kwanza anasema mambo ya mwisho wa safari kana kwamba yanafaa kusemwa mlangoni. Shankara, mwalimu mkuu wa Adwaita anayewekwa na wanahistoria wengi katika karne ya 8, alitofautisha ngazi mbili za kusema: ngazi ya shughuli za kila siku, ambamo kuna mama na mtoto, kuna msiba na kuna machozi, na ngazi ya uhalisi wa mwisho, ambamo hakuna cha pili. Kwake ngazi ya kwanza haifutwi na ya pili kabla mtu hajaijua ya pili. Anayekujibu swali la ngazi ya kwanza kwa jibu la ngazi ya pili hakukufundisha, amekukwepa, na mimi naona kwamba kicheko cha wale wenzako kilimsaidia kukukwepa. Wa pili anasema kile ambacho vitabu vya mila vinasema: kwanza mtu awe na uwezo wa kutofautisha cha kudumu na cha kupita, asishikwe mno na vinavyopita, awe na utulivu wa moyo, na awe na hamu ya kweli ya kuwa huru, kisha asikie, atafakari mpaka mashaka yaishe, na azame katika alichokielewa. Wa tatu, kuhusu kujisalimisha, ana hoja, ila ni hoja inayohitaji tahadhari kubwa, na mimi si mtu wa kuizungumzia.

Jibu la Njia Huru

Naheshimu elimu ya ndugu Karani, lakini naona kisa chake kinanisaidia mimi. Yule mpita njia alisema neno moja akaendelea na safari yake. Hakujenga makazi pale ng'ambo ya mto, hakuwaita wale kumi wanafunzi wake, wala hakuwataka warudi kila mwezi kuhesabiwa upya.

Ramana Maharshi, mwenye hekima wa India ya kusini, alikuwa na miaka 16 tu mwaka 1896, yuko peke yake katika nyumba ya ami yake mjini Madurai, hofu ya kifo ilipomshika ghafla. Alijilaza akiwa kama maiti, akajiuliza ni nini hasa kinachokufa, na jambo likaisha hapo. Hakukuwa na mwalimu chumbani. Jiddu Krishnamurti alilelewa na jumuiya iliyomwandaa awe mwalimu wa ulimwengu, na tarehe 3 Agosti 1929, huko Ommen nchini Uholanzi, alisimama mbele ya wafuasi wake akaivunja jumuiya iliyoundwa kwa ajili yake, akieleza kwamba ukweli hauna njia iliyochongwa tayari wala hauwezi kupangwa na chama. Mwalimu ni mkongojo, na wengi walioanza kuutumia kwa muda mfupi nimewaona wakizeeka nao. Dada au kaka Msikilizaji, achana na vikao, kaa na hiyo huzuni yako mwenyewe.

Jibu la Subira

Ndugu Njia Huru, nakuunga mkono nusu ya safari, kisha tunaachana.

Ramana kweli hakuwa na mwalimu wa kibinadamu. Lakini wiki chache baada ya tukio lile alitoka nyumbani kwa siri, akafika Tiruvannamalai tarehe 1 Septemba 1896, na hakuuacha mlima wa Arunachala ulio hapo mpaka alipofariki mwaka 1950. Alipoulizwa juu ya mwalimu, alisema kwamba mwalimu si lazima awe na umbo la mtu, na huo mlima aliuita mwalimu wake. Huwezi kumfanya shahidi wa kutokuwa na mwalimu mtu aliyekaa miguuni pa mwalimu wake kwa miaka 53. Naye Krishnamurti, baada ya kuvunja ile jumuiya, aliendelea kuzungumza mbele ya watu hadi karibu na kifo chake mwaka 1986. Simlaumu. Nasema tu kwamba aliyesema hatuhitaji kuongozwa alikuwa na wasikilizaji kwa zaidi ya miaka 50, na wengi wao walirudi kila mwaka.

Mfano unaonifaa mimi ni wa Nisargadatta Maharaj, muuza sigara ndogo za bidi mjini Bombay, aliyekutana na mwalimu wake Siddharameshwar mwaka 1933, na mwalimu yule akafariki mwaka 1936. Hawakuwa pamoja hata miaka minne. Agizo alilopewa lilikuwa fupi: ashike ile hisia ya “niko” na asiiache, asibandike kitu kingine juu yake. Alirudi dukani akafanya alivyoambiwa. Sasa tazama: hakuwa na mkongojo wa kuzeeka nao, na hakuwa peke yake pia. Alimwamini mtu kiasi cha kutosha kulijaribu neno lake kwa uaminifu. Naona hapo ndipo ilipo nafasi ya kujisalimisha ambayo Karani ameiogopa. Unalikabidhi shaka lako kwa jaribio moja mpaka liishe, na maisha yako unabaki nayo mwenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu mimi niliyakabidhi maisha. Kwa miaka minne niliishi karibu na mwalimu ambaye sitamtaja. Maneno yake yalikuwa mazuri, na hata leo sioni kosa katika aliyoyasema juu ya uhalisi. Siku moja ukumbini, mwanamke aliyekuwa akigawa vipaza sauti alichelewa kumfikishia muulizaji chake. Mwalimu alimtazama, akamwambia mbele ya watu mia hivi kwamba uzembe wake unatokana na nafsi iliyonenepa. Yule mama akainamisha kichwa, akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitu kinachoweza kuvunjika. Sisi wengine tulitikisa vichwa kwa kuelewa: ah, mwalimu anamvunjia nafsi. Usiku ule nilijiuliza swali dogo tu. Kama angekuwa mtu mwingine yeyote aliyefanya vile, ningekiitaje kitendo kile? Nilichukua miezi minane zaidi kuondoka, jambo ambalo bado ninalionea haya.

Kwa hiyo, ndugu Msikilizaji, swali lako la pili nalijibu hivi. Asiye na uelewa hawezi kuupima uelewa wa mwingine, ni kweli, lakini anaweza kupima mengine yote: anavyowatendea wasio na cha kumpa, anavyojibu anapoambiwa amekosea, fedha zinavyokwenda, kama watu wake wa zamani wanaruhusiwa kuwatembelea wazazi wao na kuondoka bila kusemwa vibaya. Ukiona shaka inaitwa ugonjwa wa nafsi, na kila lawama ikigeuzwa imrudie mlalamikaji, toka. Inasimuliwa kwamba Vivekananda, alipokuwa bado kijana, alificha sarafu chini ya tandiko la mwalimu wake Ramakrishna ili ajue kama kweli hawezi kuvumilia kugusa fedha. Mzee alipoketi akashtuka kama aliyechomwa. Alipojua ni jaribio la mwanafunzi wake alifurahi, kwa kuwa alitaka wamjaribu kama wabadili fedha wanavyoigonga sarafu waisikie mlio. Mimi sikuwahi kuthubutu kumficha mwalimu wangu sarafu.

Na usidanganywe na upole wala ukali. Nisargadatta alikuwa akipandisha sauti, akivuta sigara, akibishana na wageni katika chumba kidogo cha juu nyumbani kwake, na bado wageni walitoka pale na swali lao wenyewe mkononi. Yule niliyemwacha mimi alikuwa na sauti laini kuliko hariri.

Msikilizaji

Ndugu Karani, dada Subira (samahani kama nimekosea kukuita dada), na ndugu Njia Huru, asanteni. Hilo la ngazi mbili za kusema limenitoa jiwe moyoni, kwa kuwa nilikwisha kuamini kwamba kosa ni langu.

Niulize moja tu zaidi. Wengi ninaowaheshimu wamekufa, na waliobaki nawapata kwa rekodi tu. Je, mtu anaweza kujifunza kwa aliyekufa?

Karani

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Yale majibu mashuhuri ya Ramana juu ya swali “mimi ni nani” yalitolewa karibu mwaka 1902 kwa maandishi, kwa sababu wakati ule alikuwa hasemi, na hata muulizaji aliyekuwa mbele yake alipata herufi tu. Kitabu hakina haraka na hakikuombi kitu. Ila kitabu hakijui umekisoma vibaya. Unaweza kukitumia miaka 20 kuthibitisha kosa ulilokuja nalo, na kurasa zake zitakuvumilia tu. Upanishadi ya Mundaka inamtaka mtafutaji aende kwa mwalimu akiwa na kuni mkononi, kuni za moto wa ibada, ishara ya kwamba yuko tayari kutumika, na inamtaka mwalimu awe na mambo mawili: ameyajua maandiko na amesimama imara katika Brahman, yaani ule uhalisi wa mwisho. Mwenye la kwanza peke yake atakupa maneno. Mwenye la pili peke yake huenda akashindwa kukuonyesha alikopita.

Nyongeza ndogo, isiyo ya kitaalamu: acha kuwasikiliza watatu kwa wiki moja. Kila mmoja ana mpangilio wake wa maneno, na neno “nafsi” katika kinywa cha mmoja lina maana iliyo kinyume kabisa na ya mwenzake. Huenda sehemu ya utata wako ni ya kamusi tu. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu.

Njia Huru

Sijabadilika sana, ila la mlima nakubali sikulifikiria. Nilisahau pia kwamba mimi mwenyewe nilianza kwa kitabu nilichopewa na mtu.

Subira

Umeniita sawasawa, ndugu, mimi ni dada. Nikuongezee kisa kimoja. Ibn Arabi, Sufi aliyezaliwa Murcia, Hispania, mwaka 1165 na ambaye fundisho la wahdatul wujudi, yaani umoja wa kuwepo, linahusishwa na jina lake, alimtumikia alipokuwa kijana mjini Seville mwanamke mzee aitwaye Fatima, aliyekuwa amepita miaka 90, akamjengea kibanda cha matete kwa mikono yake. Bibi yule alijiita mama yake wa kiroho. Najua kwamba njia ya murshidi na muridi, yaani mwalimu na mwanafunzi wa Kisufi, si ile ile ya Shankara, na wenye kila upande wataniambia nisiwachanganye. Nakitaja kwa ajili ya kibanda tu. Mwalimu wako huenda hana jukwaa wala rekodi hata moja.

Msikilizaji, wiki tano baadaye

Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Nilimpigia simu mwanamke mmoja mzee anayefundisha watu wachache, ambaye nilielekezwa kwake na rafiki. Nilimweleza kila kitu, pamoja na lile jibu nililopewa kikaoni. Hakulisema vibaya wala hakulitetea. Aliniuliza kwanza mama aliitwa nani, nikamtajia jina, naye akalirudia polepole. Kisha akauliza kama nimekuwa nikilala. Baadaye sana, nilipodhani tumemaliza, akasema: “Huzuni inapokuja usiku, unajua kwamba imekuja?” Nikasema najua. “Na hicho kinachojua, nacho kinahuzunika?”

Nilifungua kinywa nimpe jibu ambalo nimelisoma mara mia. Akaniwahi: “Hilo ni la vitabuni. Usinijibu leo. Itazame ikija, kisha unipigie Alhamisi, hata kama hukuona kitu.”

Alhamisi ile nilimpigia nikamwambia kwamba sikuona kitu, nililia tu. Akasema vema, na akaniuliza nililia saa ngapi.

Sijui kama ndiye mwalimu wangu. Kesho ni Alhamisi ya nne.